Yavuyavu wa Mwisho wa Baba

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Habari mbaya! Jumba la Mayavuyavu huenda likafungwa.

Nieleze vizuri. Mwalimu wa Kiswahili anasema msomaji asiachwe njiani, hata kama msomaji ni mimi mwenyewe. Jumba liko ghorofani, juu ya duka la makochi. Ndani giza, kapeti jeusi, matangi ya kioo yenye taa za buluu. Watalii hukata tikiti, hupanda lifti, huingia wakinong'ona kama wamefika msibani. Ndani ya matangi yanaelea mayavuyavu, yaani wale wanyama wa baharini wasio na mifupa wala ubongo, laini kama uji uliopoa. Baba ndiye mtunzaji wao. Anawalisha, anasugua vioo, anapima chumvi ya maji. Kazi ya heshima sana, ingawa anarudi nyumbani ananuka samaki.

Tatizo ni kwamba wanakufa. Baba anasema si ugonjwa, ni uzee tu, umri wao mfupi. Meneja hajaagiza wengine. Mtalii mmoja ameshauliza kama tangi kubwa ni la maji matupu. Jumamosi anakuja Mwenye Jengo kukagua. Akikuta tangi halina uhai, jumba linageuzwa ghala la makochi na Baba hana kazi.

Baba aliyasema haya akiwa ameutazama ukuta. Mama alisimamisha cherehani. Mama hasimamishi cherehani hata mgeni akipiga hodi.

Nimeamua kuliokoa jumba. Sijamwambia mtu. Watu wakubwa wana mambo mengi.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mpango wa kwanza: kujaza jumba kwa wanafunzi. Nilisimama darasani nikamwomba Mwalimu wa Sayansi atupeleke Ijumaa. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye utangulizi, kiini na hitimisho. Nilifika kwenye kiini.

Kiranja akanyoosha mkono. Kiranja ni binti wa Meneja na hukaa dawati la mbele yangu ili nimwone kisogo mwaka mzima. Akasema hao wanyama yeye amewaona tangu mdogo, ni makamasi yanayoogelea tu. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Akasema mitihani iko karibu.

Wakati wa mapumziko Kiranja alinifuata akaniambia nisijidai, baba yangu ni mwosha makamasi. Nikamjibu kwamba hayo makamasi ndiyo yanayomlisha yeye na baba yake. Akasema wala, jumba likifungwa baba yake atapewa duka la makochi, wameshaahidiwa.

Kumbe! Kwa hiyo atakayebaki na mikono mitupu ni Baba peke yake. Nilimwambia viatu vyake vina vumbi.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Mpango wa pili: matangazo. Baada ya shule nilisimama chini karibu na lifti, nikajifanya mtalii aliyetoka kutazama. Mkono kifuani. Macho juu. Nikasema kwa sauti, jamani, maajabu haya!

Mama mmoja akaniuliza nimeona nini. Nikasema maneno hayatoshi. Akaniuliza kama nimekula. Mzee mmoja akataka nimwonyeshe makochi ya bei nafuu. Halafu mlinzi wa mlangoni, anayenijua tangu nabebwa mgongoni, akapaza sauti: "We binti, baba yako anajua uko hapa unatisha watu?" Ndipo nikakumbuka nimevaa sare ya shule. Watalii hawavai sare. Nimejifunza.

Nilipanda juu. Baba alikuwa anamtoa mwingine aliyekufa kwa wavu wenye mpini. Nje ya maji hakuwa na umbo lolote. Baba akasema hawa wanashikiliwa na maji, na maji lazima yazunguke polepole muda wote. Yakisimama wanazama chini, na wakizama basi. Aliongea kama anamtaja mtu wa ukoo. Akamweka yule marehemu ndani ya ndoo, akamfunika kitambaa.

Nilikuwa nimeshamwona. Alifanana kabisa na mfuko wa plastiki, ule mwembamba wa kufungia nyanya.

Kabisa!

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Matayarisho. Nimekusanya mifuko myepesi isiyo na rangi kutoka jikoni. Nimeikata kwa mkasi wa meno wa Mama, ule unaoacha ukingo wa pembepembe ili kitambaa kisifumuke. Ukingo umetoka kama vijimkono vya yavuyavu. Ndani nimefunga kifungo cha shati kwa uzi ili mfuko usimame wima. Mifuko safi ilipokwisha nilichukua mmoja wenye maandishi ya duka, nikaugeuza ndani nje.

Nimeujaribu mmoja kwenye beseni la kufulia. Nilipozungusha maji kwa mkono, mfuko ulijikunja, ukafunguka, ukapanda, ukashuka taratibu. Mzuri hata nikaona aibu kuutazama.

Mama alikuja akauliza kwa nini nakoroga beseni lisilo na nguo. Nikasema ni kazi ya nyumbani. Si uongo. Nimejipa mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Ushindi!

Asubuhi nilimsindikiza Baba kazini. Alikuwa amevaa tai. Meneja alipomwona akasema tai nzuri, lakini buti zako zimelowa, Mwenye Jengo asikuone, kaa nyuma kwenye chumba cha mashine mpaka aondoke. Baba akasema sawa bosi. Akaivua tai, akaikunja, akaitia mfukoni. Mimi nikatazama kapeti.

Meneja aliposhuka kumpokea mgeni, nilipanda ngazi ya kusafishia kioo nikamimina mifuko yangu ndani ya tangi kubwa. Maji yakaichukua. Ikaenda, ikachanganyika na wale wazima, na hata mimi niliyeikata sikuweza kutofautisha.

Mwenye Jengo akaingia na fimbo yake. Alisimama mbele ya tangi muda mrefu. Akamwuliza Meneja mbona aliambiwa wamekwisha. Meneja akameza mate akasema, mzee, tumejitahidi. Mwenye Jengo akaonyesha mmoja kwa fimbo: huyu ndiye mzuri kuliko wote, anacheza kama bibi harusi. Ulikuwa ule wa duka.

Kiranja alikuja na baba yake. Akabandika pua kwenye kioo. Akasema, baba, yule ana herufi tumboni. Meneja akamwambia aache utoto mbele ya wageni. Nilifurahi mno.

Uamuzi: jumba halifungwi! Baba anabaki kazini! Meneja kwa furaha akafunga mlango mapema. Baba akamwomba dakika chache akague lile chujio la chini panapotokea maji, kwani hulikagua kila siku kabla ya kuondoka. Meneja akasema aache kuwa na wasiwasi kama mama mzazi, chujio halikimbii, atakagua Jumatatu. Akatia funguo mfukoni.

Nilikuwa nimekusudia kuitoa mifuko wageni wakishaondoka. Si neno. Itasubiri. Haili wala hainywi.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Baba aliimba akinyoa ndevu. Kumbe ana sauti nzuri, nilikuwa nimesahau. Mama alimwambia apunguze, majirani watadhani anaoa tena. Tulicheka wote watatu.

Nimejiona mtu mzima.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Sijui nianzie wapi.

Baba alirudi mchana. Amebeba ndoo kwa mkono mmoja na dumu la maji kwa mwingine. Aliviweka sebuleni, akakaa, hakuvua buti. Mama hakumgombeza kuhusu buti. Hapo nikajua.

Kitu kiliziba chujio. Maji yakaacha kuzunguka. Siku nzima ya Jumapili, sisi tukicheka, wao walikuwa wamelala chini ya tangi wakipondana. Alipofungua mlango alikuta wote wamekufa isipokuwa mmoja mdogo. Meneja alimwuliza ni nini kilichoziba. Baba akajibu kwamba ni yeye, alisahau kukagua chujio. Meneja akasema basi arudishe buti kesho. Mwenye Jengo ameshatoa amri makochi yapandishwe.

Nilitaka kusema ukweli. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini Baba ameshawaambia watu ni yeye. Nikisema ni mimi, Baba ataonekana mwongo, na mtoto mwenye adabu hamgeuzi baba yake mwongo. Nikaufunga. Adabu inaumiza koo.

Yule mmoja yumo kwenye ndoo. Ni mdogo kama kisosi. Mama aliuliza wa nini. Baba akasema mtu mwenye yavuyavu mmoja bado ni mtunza mayavuyavu.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Mambo ya ajabu. Mama alikuwa anafua suruali ya Baba ya kazini. Mfukoni akakuta tai, na chini ya tai mifuko ya plastiki iliyolowa, yenye vifungo vya shati. Akaunyoosha mmoja juu ya goti. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa pembepembe. Akautazama mkasi wake. Akanitazama mimi. Halafu akatundika mkasi kwenye msumari wa juu kabisa, nisikofika hata kwa stuli, akaendelea kufua.

Maskini Baba! Mama sasa anadhani ni yeye aliyeuchukua mkasi.

Shuleni Kiranja alinijia wakati wa mapumziko. Nikajiandaa kwa makamasi. Akasema, pole. Akasema herufi aliziona vizuri, hata duka analijua, lakini hatamwambia baba yake. Akanimegea nusu ya mkate wake.

Sijui anapanga nini. Nimekula mkate lakini ninamchunga.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Baba anatoka asubuhi kutafuta kazi na anarudi jioni na viatu vyenye vumbi. Ameuliza hotelini, wana mtu wa bwawa tayari. Ameuliza bucha la samaki. Wakamwuliza anajua nini kuhusu samaki. Akasema anajua kuwatunza. Wakacheka, kwao samaki hatunzwi.

Akifika tu anakaa mbele ya ndoo. Anatia mkono majini na kuzungusha polepole, ili yule mdogo asizame. Chakula chake kinapoa. Mama anamwita, baba watoto, njoo ule, huyo hana tumbo la kukusikitikia. Baba anasema dakika moja. Zamu yangu ya kuzungusha ni nikitoka shule, mpaka Baba arudi. Amenionyesha namna yake: mkono usiwe na haraka, fikiria unambembeleza mtoto mchanga.

Baba haimbi. Haongei pia, ila na ndoo.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Amekufa.

Nilitoka shule mbio, nikatupa mkoba, nikatia mkono. Alikuwa chini, amejikunja. Nilizungusha maji taratibu. Nilizungusha kwa haraka. Nilimbembeleza kwa jina ambalo sikuwa nimempa. Alipanda kidogo kwa sababu ya maji, akashuka.

Mama alikuwa amekwenda kupeleka nguo za wateja. Baba alikuwa njiani kurudi. Nilifikiria viatu vyake. Nilifikiria akifika, akae, atie mkono, asikute kitu cha kutunza. Hapo atakuwa nani?

Nikamfikiria Baba, nikafikiria jikoni.

Mkasi wa meno siufikii, kwa hiyo nilitumia mkasi wa kawaida na kukata pembe moja moja. Safari hii nilifanya kwa makini. Makosa ya kwanza nimeyachunguza yote: mifuko ilikuwa mingi mno, na mmoja ulikuwa na maandishi. Huu ni mmoja tu, msafi, mdogo kama kisosi, na kwenye ndoo hakuna chujio la kuziba. Marehemu nimemzika nyuma ya nyumba kwa heshima.

Baba aliingia. Akavua viatu. Akakaa. Akatazama ndani ya ndoo muda mrefu sana. Nilihesabu maua ya pazia. Kisha akanitazama mimi, vidole vyangu, na kipande cha uzi kilichobaki kwenye sketi yangu. Macho yake yalikuwa mekundu, bila shaka kwa vumbi la barabarani.

Akauliza nani amekuwa akimtunza leo. Nikasema ni mimi, Baba. Akatia mkono majini, akaanza kuzungusha, polepole, na mfuko ukajikunja, ukafunguka, ukapanda.

Akasema kwa sauti ya chini, leo ana nguvu huyu.

Akanisogezea stuli nikae karibu yake. Akaniambia tusimwambie mama yako lolote, tumwache apumzike. Mkono wake mwingine aliuweka kichwani pangu na hakuuondoa mpaka Mama alipopiga hodi.

Hajagundua! Kazi ya miaka yote hiyo, na hajagundua! Mpango umefaulu, na safari hii hakuna aliyeumia. Kesho nitakata mwingine wa akiba, mkubwa kidogo, ili Baba aone kwamba anakua.