Kinyozi wa Brashi Yuko Makumbushoni

Kahawa ya kwanza haijashuka kooni, Mzee Sultan wa dukani akaanza kusoma kwa sauti kwenye simu: makumbusho ya sanaa ya mkoa yanawaita wananchi, kiingilio bure wiki nzima.

Akasonya. "Nikaangalie vinyago wakati foleni ya Tegeta ni kinyago tosha?"

Rogers, mchora mabango ambaye kijiwe kizima kinamwita Brashi, akatua kikombe.

"Mie nilienda jana, mzee. Nimekuta bango langu ukutani."

"Bango gani?" akadakia Ansbert, karani waliyembatiza Wakili kwa kupenda ubishi.

"Lile la kinyozi wa Manzese. Limewekewa kioo, taa juu."

"Acha kamba! Lile jamaa lenye shingo kama gunia la mkaa?"

"Haki ya Mungu! Pembeni wameandika: 'Msanii hajulikani. Herufi I iliyoning'inia sikioni yaonesha upweke wa mwanaume wa mjini.'"

Mzee Sultan akapaliwa. "Upweke? Si ubao ulikuishia, I ya mwisho ya KINYOZI ikakosa pa kukaa!"

"Uliisha, sikatai. Ila mie sijulikani? Mie, hadi kule Wazo wananijua! Nikamwambia mlinzi hii kazi yangu. Akasema, braza, wenye kazi zao wanakuja kila siku, rudi nyuma ya kamba."

Wakacheka mpaka benchi likalia. Brashi hakucheka. Wakili alipomwona anavyoitazama miguu yake, akaichukua simu ya mzee, akapiga namba ya kwenye tangazo na kuweka spika.

"Sista, mchoraji wa lile bango la kinyozi tunaye hapa kijiweni."

"Haiwezekani, kaka," ikajibu sauti laini. "Yule alishafariki zamani."

"Mmejuaje kafariki, na hamumjui?"

"Wataalamu wamesema. Kazi nzuri vile, watu wa siku hizi hawaiwezi."

Simu ikakatwa. Brashi hakujua akasirike au ashukuru. Miaka yote ya kuchora, hakuna aliyewahi kumwambia kazi yake nzuri, na leo sifa zimekuja, kapewa maiti.

Mzee Sultan akavua kofia taratibu, akaiweka kifuani.

"Poleni wafiwa," akasema. "Na wewe marehemu, kunywa kahawa yako, inapoa."