Ombi la Kumrudisha Mdogo Wangu Ughaibuni

Kwa Meneja Utumishi,
Kiwanda cha Magodoro,
Ughaibuni.

Mheshimiwa Meneja,

Kwa heshima na taadhima, natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya na magodoro yanakwenda vizuri. Mimi ni mtunza bahasha wa kujitolea katika maktaba ya stempu ya mtaani kwetu, vyumba viwili juu ya duka la fundi cherehani. Mdogo wangu amekufanyia kazi miaka kumi na moja, akishona foronya za magodoro. Mwezi uliopita ukamruhusu aache kazi arudi nyumbani. Sikulaumu, hukujua. Lakini umetumaliza.

Naomba umchukue tena. Sababu zangu ni hizi:

1. Alikuwa akiniandikia kila Jumatatu, na kila bahasha ilikuja na stempu yake. Kwa juhudi zake peke yake, maktaba ina ndege ishirini na wawili, na madaraja yote ya huko kwenu isipokuwa moja. Daraja hilo tulilitegemea mwezi huu. Badala yake kaja yeye mwenyewe, kavukavu. Nilimpokea kituoni nikamkagua mbele na nyuma, hana hata muhuri wa posta.

2. Yale aliyokuwa akiyaeleza kwa kurasa mbili, sasa anayaeleza kwa mdomo, mezani, tangu chai ya asubuhi. Mke wangu anacheka mpaka anashika mbavu. Sawa, acheke, lakini niambie, Mheshimiwa: katika maneno yote hayo, ni lipi nitakalolibandika kwenye albamu?

3. Wenzangu wamevunjika moyo. Mwenyekiti wetu, daktari wa meno mstaafu, alikuwa akifika kila Alhamisi na kibano chake mfukoni. Siku hizi anakaa tu akilitazama beseni la kulowekea stempu, maji matupu. Katibu ameanza kuzungumzia ufumaji. Watu huanza hivihivi, mwisho unasikia wamehamia kwenye ufumaji kabisa.

4. Hili ndilo lililonikera kuliko yote. Nilimleta maktaba aone mchango wake. Hata ndege hakuwatazama! Akauliza barua zenyewe ziko wapi. Sisi barua hatukusanyi, Mheshimiwa, lakini pia si watu wa kutupa vitu ovyo. Karatasi zake zinanyonya maji vizuri mno, kwa hiyo stempu zikitoka kwenye beseni tunazipanga katikati ya kurasa zake, tunalaza tofali juu, zinakauka zimenyooka kama shati lililopigwa pasi. Nikamwonyesha rundo zima, tena kwa fahari. Akataka kujua kama kuna hata moja niliyoisoma. Nikamweleza ukweli, kwamba nilikuwa nangoja nipate wasaa. Basi, akachukua kofia yake akashuka ngazi, kitabu cha wageni hakukisaini. Jamani, huo ndio ustaarabu mliomfundisha?

5. Kwa hiyo, mkimpokea, msimweke mahali pamoja. Ahamishwe kila baada ya miaka miwili, nchi yenye posta inayojiheshimu, na simu asipewe. Kama nafasi bado zipo, nitakukabidhi pia shangazi yetu, mwenye mwandiko mzuri na goti moja tu linalomsumbua, pamoja na shemeji zangu wawili ambao hapa hawana wanalofanya. Habari ya mke wangu tutazungumza baadaye. Nimepiga hesabu nikaona kwamba ukoo wetu ukitawanywa vizuri, baada ya miaka mitano nitakuwa nimebaki hapa peke yangu, na mkusanyiko umekamilika.

Nisalimie wote hapo kiwandani, wa sponji na wa pamba, na mlinzi wa getini. Yule anayepeleka barua posta mpe mkono wangu kabisa. Muhuri ulikuwa ukigongwa pembeni, picha haiguswi, na mtu wa namna hiyo asisahauliwe.

Wako mwenye kungoja bahasha,

Mtunza Bahasha (wa Kujitolea)

Tanbihi: Nilitaka kukuambatishia barua yake moja, iwe ushahidi kwamba huko kwenu alikuwa na raha. Nikainua tofali nikachomoa iliyokuwa karibu. Maji yamekula nusu ya maneno, lakini panasomeka kwamba Ijumaa anapasuliwa tumbo, kwamba anaogopa, na kwamba nimwandikie chochote kile. Nakumbuka nilimjibu upesi sana. Nilimpelekea orodha ya stempu tulizopungukiwa. Zilifika baada ya wiki mbili, zote, hakuruka hata moja. Sijui posta alifikaje. Kwa hiyo ombi langu nalifuta, usimchukue, na barua hii naituma tu kwa kuwa bahasha nimeshaibandika stempu. Leo asubuhi nimemuuliza kama kidonda kimepona. Amesema kilipona miaka saba iliyopita, halafu akanishukuru kwa kuuliza.