Ufunguo wa Mrusha Mpira wa Kasi ya Wastani

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mheshimiwa Makamu wa Mwenyekiti, Mheshimiwa Kaimu Makamu ambaye ametuma udhuru, waheshimiwa wajumbe wa kamati ndogo na wa ile ndogo zaidi, mabibi na mabwana, itifaki izingatiwe hata kwenu mliosimama juani, maana turubai limewatosha waheshimiwa tu. (Minong'ono.)

Leo tunazindua Kituo cha Kriketi cha hadhi ya kimataifa, mradi shirikishi, jumuishi na endelevu, ambao mimi binafsi, bila kujisifu, niliubuni, nikauandikia andiko, nikauidhinisha, kisha nikajiandikia barua ya pongezi. (Makofi, meza kuu.)

Kocha mkuu ni shujaa wetu huyu, aliyeichezea timu ya taifa miaka kumi na moja akirusha mpira kwa kasi ya wastani, ambayo ndiyo kasi ya ofisi yangu, na takwimu hazidanganyi: mashindano yake ya mwisho alitoa mikimbio mingi kuliko mrushaji yeyote! (Shujaa: "Mheshimiwa, hizo ni alama walizopata wapinzani. Ndiyo maana niliachwa.") Unyenyekevu ulioje! Mpigieni makofi! (Makofi. Shujaa anainamisha kichwa.)

Ndugu huyu, ambaye goti lake liliharibikia kwenye jezi ya taifa, ameacha kazi gereji siku ileile alipopata barua yangu ya uteuzi. Huo ndio uzalendo! Kocha, pokea ufunguo wa kituo! (Vigelegele. Mkewe: "Jumatatu anaripoti wapi? Mbona hapa naona magugu tu?") Shemeji, punguza presha, hilo ni suala la utekelezaji, na leo tuko kwenye uzinduzi. (Mke: "Gereji wameshaweka mtu mwingine!") Hongera kwao! Hiyo ni ajira mpya, tutaiingiza kwenye ripoti yetu. (Zogo.)

Semeni nami: Kriketi! ("Juu!") Uwajibikaji! (Kimya.)

Nimalizie kwa shukrani: kwa wenye kiwanja waliotuazima mpaka saa nane mchana, na kwa dereva wangu, ambaye namwomba abandue bango taratibu, kesho tunazindulia bwawa la kuogelea. Nawe kocha, asante kwa kuja. Ule ufunguo nirudishie, ni wa stoo ya nyumbani kwangu, mama watoto ameshapiga simu mara mbili. Usinirushie, nipe mkononi.

(Kocha anaurusha. Safari hii, si kwa kasi ya wastani.)