Sauti Ndani ya Tanki la Choo

Jamani, leo aibu imenikuta nikiwa na spana mkononi. Nawaandikia kutoka jikoni kwa wakwe zangu, Uyole, nimejibanza nyuma ya jokofu, nimelowa mpaka soksi. Msianze kucheka.

Mnajua mimi ni fundi bomba. Mnajua pia mimi ni Mhehe wa Iringa niliyeolewa na Mnyakyusa. Ukoo wao bado unashika mila: mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hamsalimiani, hampishani mlangoni, akija huku wewe unapita kule. Miezi mitano ya ndoa, mzee nimemwona mgongo tu, tena kwa mbali. Sauti yake sijawahi kuisikia. Kwa hiyo kitu pekee anachoweza kunijua nacho ni kazi yangu, na nilitaka sana aikubali.

Asubuhi mume wangu, Ambakisye, akapiga simu. Yuko Nyololo, anapakia mbao.

"Choo cha chumba cha marehemu bibi kinavuja. Baba na mama bado wako Tukuyu kwenye msiba, nyumba tupu. Kakitengeneze kabla hawajarudi."

Bibi huyo ndiye mama mzazi wa mzee. Alifia chumbani humo humo, wiki iliyopita. (Mimi siogopi wafu. Kumbukeni nimesema hivyo.)

Nikafika. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka madirishani, huoni hata geti. Ndani baridi, kimya, kiti cha bibi bado kimeelekea mlangoni. Nikakisalimia. (Sijui kwa nini. Hakikuitika, ahsante Mungu.)

Choo chenyewe ni cha kisasa, tanki limefichwa ndani ya ukuta, nje unaona kitufe tu. Nikabandua kile kitufe, nikamulika na simu. Kwenye maungio ya bomba, tone, tone, tone. Nyuma ya tanki giza tupu.

Mlango wa nyuma ukajifunga. Nikajiambia ni upepo. (Kwenye ukungu ule hapakuwa na upepo, najua!) Halafu miguu, taratibu, ikapita koridoni. Halafu ndani ya ukuta, ndani kabisa ya tanki, mtu akaanza kuimba wimbo wa mazishi.

Nywele zilinisimama. Lakini kazi ni kazi. Nikafunga koki ya nyumba nzima, iliyo chini ya sinki hapo hapo. Wimbo ukakatika.

Nikafungua nati ya bomba. Ilikuwa imekwama, nikaigonga na spana mara tatu. Ngo, ngo, ngo.

Ukuta ukajibu. Ngo, ngo, ngo.

Nikagonga mara mbili. (Msiniulize!) Ukajibu mara mbili. Kisha sauti nzito ikatoka gizani nyuma ya tanki:

"Mama? Mama, ni wewe umenifungia maji?"

Hapo nilikusanya imani yote niliyofundishwa tangu kipaimara. Nikaweka mdomo kwenye tundu nikapiga kelele: "Toka! Nyumba hii si yako! Ondoka urudi ulikotoka!"

Ile sauti ikajibu, kwa unyonge wa kutisha: "Naondoka, Mama. Nifungulie maji kwanza. Macho yananiuma."

Nikafungua koki haraka, apewe anachotaka aende! Nikasahau kwamba nati ilishatoka, iko mkononi mwangu. Maji yakaruka kutoka ukutani yakanipiga kifuani. Nikaifunga tena kwa kupapasa, nikatoka mbio koridoni nikipiga mayowe.

Na yeye akatoka mbio koridoni akipiga mayowe. Kitu kirefu, cheupe kichwa hadi kifua, kimejifunga taulo.

Tukasimama uso kwa uso. Weupe ule ulikuwa povu la sabuni. Na masikio yaliyochomoza kwenye povu yalikuwa masikio ya mume wangu.

Nikajirusha kwenye pazia la mlango. Likaanguka na fimbo yake, nikajiviringisha humo sakafuni. Nikasikia miguu ikikimbilia nje.

Simu ikaita. Ambakisye.

"Baba kanipigia, simu yake aliiacha barazani. Anasema karudi mapema peke yake, alikuwa anaoga bafu la chumba chake. Ukuta ni mmoja na wa bibi, mafundi waliacha upenyo nyuma ya tanki. Anauliza maji yatarudi lini."

Mzee yuko barazani, mimi koridoni, mlango mmoja katikati. Tukazungumza kupitia Nyololo.

"Mwambie dakika kumi. Mwambie samahani. Mwambie nilidhani ni bibi."

"Na yeye alidhani ni bibi. Anasema amelia."

Jamani, moyo uliniuma. Nikarudi kwenye tundu, nikabadilisha washa, kile kipete cha mpira, nikazungusha tepu ya kuzibia, nikakaza nati, nikafungua koki. Hakuna hata tone. Mzee akamalizia kujisuuza kwenye bomba la uani, mimi nikajibanza hapa jikoni, simu ikaita tena.

"Baba kasikiliza dirishani. Anasema choo hakivuji tena, fundi ni fundi."

Nikashusha pumzi. Miezi mitano nangoja neno hilo!

"Halafu anauliza, bado yuko nje na taulo, baridi kali. Anaruhusiwa kuingia, au nyumba bado si yake?"

Nimesema mwambie aingie. Mimi natokea dirishani.