Sanduku Lililofukizwa

Jumatatu, 8 Machi 2004
Siku mbaya. Yaqdhan, mwenzangu wa meza ya pili, kaja kulitazama sanduku langu la gesi. Kalisifu. Kasema nyuzi za ndani zimenyooka kuliko zake. Mashallah hakusema! Mwezi ujao sanduku moja tu linakwenda Ulaya, liwekwe mbele ya mashine inayorusha chembe ndogo kwa kasi, ionekane kama litazihesabu. Fundi wake anakwenda nalo. Ama mimi, ama yeye. Miaka minane nimo katika maabara hii na sijavuka hata Dubai.

Jumanne, 9 Machi
Sanduku linavuja gesi. Nani asiyejua sababu? Nimekwenda Hamriya kwa Shangazi Mahbuba. Kasema ni jicho, tena la mtu wa karibu. Kasema bibi harusi hufukizwa, nguo hufukizwa, seuze sanduku.

Jumatano, 10 Machi
Nimeziba tundu. Wenzangu walipokwenda kula, nikafungua kifuniko, nikaweka chetezo cha shangazi chini ya nyuzi. Udi wa kweli, si wa dukani. Moshi ulipojaa nikafunga upesi usipotee. Husuda kwisha.

Jumamosi, 13 Machi
Nimekwisha mimi. Dk. Shatha, mkuu wa maabara, kaja kuchagua. Sanduku la Yaqdhan likahesabu kimya kimya. Langu likaruka cheche kama kikaango. Kalifungua. Kanusa. Kauliza nani kaolewa humu ndani. Nikainamisha kichwa. Akanieleza kwa upole, na upole ule ndio ulioniua, kwamba nyuzi hizi hazitaki hata alama ya kidole, na sasa zote zimegandwa na mafuta ya udi. Anakwenda Yaqdhan. Nimelia garini mwangu, kwenye taa za barabarani za Madinat Sultan Qaboos. Dereva wa teksi iliyosimama ubavuni akanipitishia tishu dirishani. Sina tena uso wa kurudi kazini.

Jumatatu, 29 Machi
Dk. Shatha kanihurumia. Kasema nifunge nyuzi mpya. Sanduku likiwa safi, tutakwenda wawili, mimi na Yaqdhan. Nimezifunga zote, macho yamevimba. Kesho asubuhi anakuja kulipima. Leo jioni Yaqdhan kapita, kalitazama, katabasamu. Jicho lile lile.
Lakini aibu imenifunza. Moshi na gesi haviwekwi pamoja, sirudii hata kwa kiapo. Nimemwambia shangazi chetezo akiache nyumbani, aniletee mrashi wa kunyunyizia. Marashi ya mawaridi hayana moshi kabisa. Nimeshalifungua sanduku, namsubiri.