Supu ya Mwani kwa Luteni Wangu

Jumatatu, 9 Machi
Seok-ju wangu, luteni wa jeshi la majini, amependekezwa kwenda Ufilipino! Miaka miwili. Nchi yetu, Korea, inawapa Wafilipino manowari, na mwanangu ndiye wa kuwafundisha kuiendesha. Umebaki usaili wa Alhamisi tu. Soko zima la Jinhae lilijua kabla sijatua kikapu. Pil-sun muuza samaki akaniuliza, sasa wewe mama Seok-ju, utakula na nani? Nikamjibu nitakula na fahari yangu. Jioni nikapakua mabakuli mawili. Tangu baba yake afariki sijawahi kupakua moja. Hapana. Haendi.

Jumatano, 11 Machi
Dawa nimeipata. Supu ya mwani. Nani hapa hajui? Ukiinywa asubuhi ya mtihani unateleza, unafeli. Nimenunua mwani laini kupita wote. Pil-sun akataka kujua leo kazaliwa nani, maana supu hiyo ndiyo ya siku ya kuzaliwa. Nikamwambia auze samaki.

Alhamisi, 12 Machi
Seok-ju aliitazama supu, akanitazama mimi. Ndiyo hiyo niliyonyweshwa siku nilipomzaa. Akainywa yote, akaomba nyingine. Mlangoni akasema, Mama, hata nikiteleza, nitaangukia Manila.
Jioni majibu ya usaili yakaja: amekuwa wa kwanza. Mtoto wa nani? Nimelia bafuni, maji nimeyafungulia yasisikike mengine.

Jumamosi, 14 Machi
Mpango wa pili. Nimemwalika chakula Kamanda Dimaculangan, Mfilipino aliyekuja kuipokea manowari. Kikorea anakijua, alisomea huku. Seok-ju alipotoka kununua vinywaji, nikamnong'oneza mgeni kwamba mwanangu mvivu, anakoroma, na bahari humtapisha. Kamanda akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Akasema mama yake kule Batangas aliwaambia wakubwa maneno hayohayo, yeye alipokuwa anakuja kusoma. Nikauliza, mama hajambo? Akasema alimzika kwa simu, akiwa hapahapa Jinhae.
Nikamwongezea wali.

Jumatatu, 16 Machi
Basi, nimekubali. Mtoto hafungwi kamba. Sokoni nimetangaza kwamba mimi ndiye niliyemsukuma aende, maana yeye alikuwa anasitasita.
Ila Pil-sun ana mpwa wake wa kike, mwalimu wa chekechea, mpole, mikono yake inajua jiko. Nimemwambia ajipambe, siku ya safari asimame palepale penye ngazi ya meli. Mwanamume akiona wa kumsubiri, miguu huwa mizito. Seok-ju hajui lolote. Pil-sun amesema nina wazimu, lakini anamleta. Majirani wote wanakuja, na kwaya ya kanisa: gatini, Jumamosi tarehe 21, saa nne asubuhi.