Uzinduzi wa Ghala la Sarafu Mtandao, Tunduma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na kwa hiyo ninamwakilisha mimi mwenyewe, Waheshimiwa Madiwani, Wachungaji kutoka Mbozi Mission na Masheikh wetu, viongozi wa ushirika kuanzia Iyula, Igamba hadi Momba, wabadilisha kwacha wa hapa mpakani, mliofika na mliokimbia mlipoona gari letu, wageni kutoka Nakonde, ng'ambo ya Zambia, mulishani, yaani hamjambo, kwaya, mabibi na mabwana: itifaki izingatiwe, na ambaye hakuzingatiwa ajizingatie mwenyewe. (Makofi.)

Mimi, Enoka, Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Kudumu ya Kudhibiti Sarafu Mtandao, mwaka juzi nilisimama hapa nikasema bitikoini ni utapeli, mkanipigia makofi. Mwaka jana nikasema ni fursa, mkapiga tena. Leo natamka bila kuyumba kwamba ni utapeli wenye fursa ndani yake, na huo ndio uthabiti wa kiongozi. (Makofi, vigelegele vya kwaya.)

Ndugu wananchi, katika dhana nzima ya mnyororo wa thamani wa kidijitali, Kamati ilifanya upembuzi yakinifu na shirikishi, uliohusisha madereva wanne pale maegesho ya malori, na ikabainika kuwa asilimia mia moja na kumi na mbili ya vijana wanaweka sarafu hizi kwenye simu, nje kabisa ya utaratibu. Ufuta wenu unapita ushirika, unapimwa, unaingia ghalani, mnapewa stakabadhi, unanadiwa. Sasa sarafu ni nani hata isipimwe? Kuanzia leo kila bitikoini italetwa hapa, itapimwa unyevu, maana ikivunwa mbichi inavunda, na itakayotoka wilayani bila kibali tutaikamata getini, tuishushe, mwenye simu alipe ushuru ndipo apakie upya. Kitaalamu hiyo tunaiita rodimapu. (Shani, wakala wa kutuma pesa kwa simu, ananyoosha mkono: "Mheshimiwa, sarafu yenyewe haishikiki. Ghalani mnaiweka vipi?")

Dada Shani, hata ushuru hujawahi kuushika, lakini unaulipa. (Kicheko.) Twende mbele.

(Mzee Bugalama, mfugaji na mkulima wa ufuta kutoka Momba, anasimama bila kuitwa. "Mheshimiwa, mimi na hiyo sarafu hatujuani. Nilitoa gunia sita za ufuta, mkasema ni za kujengea ghala, mtaturudishia mara mbili kabla ya mvua. Sasa mvua hiyo imefika, shamba nimelima, mbegu sina hata ya kisahani. Ufuta wangu uko wapi?")

Mzee wangu, nakuheshimu sana. Ufuta wako haujapotea, umepanda daraja. Uko kwenye mfumo. Mwenye ufuta ghalani ana ufuta tu, bali mwenye ufuta kwenye mfumo ana mfumo, na watoto wake watarithi mfumo. (Mtu anaguna. Makofi machache, ya wajumbe wa Kamati.)

Nihitimishe. Nikisema Sarafu, itikieni Salama! Sarafu! (Salama, kwa mbali.) Nikisema Ghala, itikieni Letu! Ghala! ("La Asajile!" Kicheko kikubwa.)

Naam, na hapohapo nimshukuru ndugu Asajile kwa kutuazima ghala lake la mbolea, ambalo analihitaji saa nane. Nimshukuru fundi Zabron kwa kulipaka rangi upande huu unaoingia kwenye picha. Niwashukuru wajumbe kwa vikao kumi na vinane vilivyoafiki kwa kauli moja kwamba ghala la kwetu lijengwe pindi kiwanja kitakapopatikana. Na kwa namna ya pekee nimshukuru Mzee Bugalama na wenzake, kwani ufuta wao ndio uliotupeleka Dubai kwa mafunzo ya siku tisa, tukajionea kwa macho yetu kwamba wenzetu hawatumii ghala. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Hakuna makofi. Mzee Bugalama amefungua mlango wa gari la Kamati, amekaa kiti cha mbele, fimbo magotini.)

Mzee wangu, shuka tafadhali, hilo gari tunaondoka nalo sasa hivi. Dereva, mshushe mzee. (Dereva anajifanya anakagua tairi.) Mzee Bugalama, jamani, unashukia wapi?

("Nashukia shambani kwangu, Momba. Tupitie dukani kwanza, ununue mbegu.")